Chapati 48 Ambazo Dada Yangu Hakuzila

Jumapili moja saa mbili asubuhi dada yangu alinitumia picha ya mizani. Hakuandika kitu, picha tu. Ilisoma 84.3. Jumapili iliyotangulia ilisoma 82.4. Kati ya Jumapili hizo mbili alikuwa amefanya mazoezi siku tano, amepunguza ugali wa usiku, ameacha chapati za asubuhi, na ofisini anapanda ngazi kwa miguu mpaka ghorofa ya nne. Matokeo yake: ameongezeka kilo 1.9.

Dada yuko kwenye shindano la siku 30 la jimu moja hapa Dar es Salaam. Jina silitaji, maana mashindano ya aina hii yapo kila mtaa na yanafanana kama mapacha. Unalipa kiingilio, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na kila Jumapili unapima uzito na kutuma picha. Aliyepungua anapigiwa makofi. Aliyeongezeka analipa faini ya shilingi 5,000, inayoingia kwenye zawadi ya mshindi. Dada alilipa. Kocha akamfariji: "Usijali dada, hiyo ni misuli. Misuli ni mizito kuliko mafuta."

Nimesoma kanuni za shindano hilo mwanzo mpaka mwisho (ni ukurasa mmoja na nusu), na makala hii ni uhakiki wake. Hoja yangu ni moja: shindano linapima maji, halafu linagawa tuzo na adhabu kana kwamba limepima mafuta. Na lile jibu la misuli, pamoja na nia yake njema, linaharibu zaidi.

Kwetu hili si jambo la mzaha. Mama ana kisukari, na mwezi mmoja kabla ya shindano daktari alimwambia dada kwamba sukari yake imeanza kusogea pabaya. Kwa hiyo akikata tamaa wiki ya pili, anachopoteza ni zaidi ya gauni la sendofu.

Kwanza, hesabu ya mafuta

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700 (ninamaanisha kalori hizi zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula). Ili dada aongeze kilo 1.9 za mafuta, alipaswa kula kalori 14,630 zaidi ya zile ambazo mwili wake ulitumia wiki ile. Chapati moja ya mtaani, iliyoshiba mafuta, tuipe kalori 300. Gawanya. Unapata chapati 48 na ushee.

Na hizo si chapati 48 badala ya chakula. Ni chapati 48 juu ya chakula ambacho tayari kinamtosha, yaani karibu saba kila siku, kwa siku saba. Nilimuuliza kama alizila. Alinijibu kwa tusi dogo la kindugu ambalo sitaliandika hapa.

Basi si mafuta.

Pili, hesabu ya misuli

Mnakumbuka lile swali la shule ya msingi: kipi kizito, kilo ya pamba au kilo ya misumari? Kilo ni kilo. Anachotaka kusema kocha ni kwamba misuli imeshikana zaidi kuliko mafuta, na hapo yuko sahihi: lita moja ya misuli ina kama kilo 1.06, lita moja ya mafuta kama kilo 0.9. Ndiyo maana watu wawili wenye uzito na urefu sawa wanaweza kuvaa suruali za saizi tofauti.

Lakini swali la dada halikuwa hilo. Swali lilikuwa: kilo 1.9 zimetoka wapi ndani ya siku saba? Misuli haijengwi kwa kasi hiyo. Hata kijana wa kiume anayeanza kunyanyua vyuma, anakula vizuri na kulala vizuri, akipata kilo moja ya misuli kwa mwezi amefanya kazi nzuri sana. Mwanamke kwa kawaida hupata pungufu ya hapo, na anayejinyima chakula hupata kidogo zaidi bado. Kumwambia dada kwamba amejenga karibu kilo mbili za misuli kwa wiki moja ni kumwambia kwamba ameota kiwiko cha tatu.

Basi ni nini? Ni maji

Rudi kwanza wiki ya kwanza, ile aliyopigiwa makofi. Alianza na kilo 84.8 na kushuka mpaka 82.4. Kilo 2.4 kwa wiki! Kundi zima lilimwaga emoji za moto. Alichokuwa amefanya ni kuacha wanga ghafla: hakuna ugali, wali wala chapati.

Mwili hutunza akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa jina la glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo inafika kama nusu kilo, na kila gramu yake hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga siku chache, akiba inapungua na maji yake yanaondoka nayo chooni. Tumia gramu 400 za glaikojeni, mizani itashuka kilo 1.6. Mafuta yamo humo, lakini kidogo. Sehemu kubwa ya makofi ya wiki ya kwanza ilikuwa ni makofi ya mkojo.

Wiki ya pili mambo manne yalitokea kwa pamoja. Jumamosi kulikuwa na harusi ya binamu yetu: pilau, soda, mishikaki, achari. Glaikojeni ikarudi na maji yake, kama deni linavyorudi na riba. Chumvi nayo ina hesabu yake. Mwili hulinda uwiano wa chumvi na maji kwenye damu, na ili kuulinda, gramu 9 za chumvi iliyozidi zinahitaji karibu lita moja ya maji mpaka figo zimalize kazi yake, jambo linaloweza kuchukua siku moja mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Sahani ya harusi haijui ushauri huo.

La tatu ni mazoezi yenyewe, na hapa ndipo kanuni za shindano zinaponikera zaidi. Jumatatu kocha aliwapigisha skwati mpaka dada akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Maumivu yale ya siku ya pili na ya tatu ni dalili ya nyuzi za misuli zilizoumia kidogo na zinakarabatiwa, na ukarabati huja na uvimbe, na uvimbe ni maji. Juu ya hapo, anayeanza mazoezi ya pumzi huongeza sehemu ya maji ya damu yake ndani ya siku chache tu, asilimia 10 au zaidi. Moyo unapata damu nyingi zaidi ya kusukuma, na jasho linapata pa kutoka. Hiyo ni habari njema kabisa. Mwili umeitikia wito. Shindano likamtoza 5,000.

La nne, dada alikuwa siku moja kabla ya hedhi. Wanawake wengi hushikilia maji siku hizo, wengine kiasi cha kuhisi viatu vinabana. Katika ukurasa mmoja na nusu wa kanuni, kwenye shindano ambalo wengi wa washiriki ni wanawake, neno hedhi halimo hata mara moja.

Maji yanaweza kuficha kazi nzuri

Hili si jambo jipya. Kati ya mwaka 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana wa kiume 36 waliojitolea, ili kuelewa njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini miguu na nyuso za wengi zilivimba maji, na uvimbe huo ukaficha sehemu ya kile walichopoteza. Miili ilikuwa inakonda na kujaa maji kwa wakati mmoja, na mizani ikawa inasoma jumla tu.

Mizani haidanganyi, wanasema. Kweli, haidanganyi. Inajumlisha mifupa, damu, mafuta, maharage ya jana na glasi ya maji ya asubuhi, na inakupa namba moja. Kosa ni la anayeisoma namba ile kana kwamba ni mafuta peke yake.

Shindano linafundisha nini?

Wiki ya tatu dada alinunua chai ya kupunguza tumbo. Mwenzake wa kundi ndiye aliyempa namba ya muuzaji. Nyingi ya chai hizi zina sena, mmea unaoharisha. Nyingine, katika nchi mbalimbali, zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwenye moyo. Dada alikunywa siku tatu, akaharisha siku tatu, na Jumapili mizani ikasoma 82.0. Makofi. Moto. "Hongera mpendwa, umerudi kwenye mstari!"

Hapo ndipo uamuzi wangu juu ya shindano hili ulipokamilika. Wiki aliyofanya mazoezi ya kweli ilimgharimu faini. Wiki aliyoharisha ilimpa sifa. Ukitaka kujua kanuni zinafundisha nini, usisome kichwa cha tangazo, angalia zinamlipa nani.

Mtindo huu wa kupimana hadharani ulivuma kupitia kipindi cha televisheni cha The Biggest Loser, kilichoanza Marekani mwaka 2004. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake walichapisha utafiti juu ya washiriki 14 wa kipindi hicho: walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58, na miaka sita baadaye wastani wa kilo 41 ulikuwa umerudi. Jukwaani zote zilionekana zimeondoka.

Upande wa pili wa shilingi

Nisimwonee kocha. Shindano limewatoa watu 60 kwenye makochi yao. Dada amepata marafiki wa kutembea nao alfajiri, na hilo peke yake lina thamani kuliko kiingilio.

Pia nisikupe wewe msomaji kisingizio kipya. Maji hupanda na kushuka, hayapandi miezi mitatu mfululizo. Kama wiki tano au sita zimepita na wastani wako haujashuka, tafuta jibu kwenye sahani. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Walipopimwa, walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika, na kufanya mazoezi machache sana kuliko walivyodhani. Hawakuwa waongo. Kukumbuka chakula ni kazi ngumu: kijiko cha mafuta, kipande alichobakiza mtoto, juisi ya mgeni.

Na mazoezi hayachomi kiasi tunachofikiri. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi hapa Tanzania. Wanatembea mwendo mrefu kila siku, lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mazoezi ni dawa ya moyo, sukari, usingizi na akili. Kupunguza uzito kunaanzia jikoni zaidi. Mtu wa aina hii ukimwambia "hiyo ni misuli", umemfungia mlango wa jibu.

Kuna na mtu wa tatu, ambaye jibu la misuli linaweza kumuua. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache huku miguu imevimba, pumzi inakata, au unashindwa kulala chali, hayo yanaweza kuwa maji ya moyo au figo zilizochoka. Huyo haulizi kwenye kundi. Huyo anakwenda hospitali leo.

Ningelibadilisha hivi

Pima kila asubuhi, baada ya choo na kabla ya kula, kisha linganisha wastani wa siku saba na wastani wa siku saba zilizofuata. Mwanamke alinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, mara moja kila wiki mbili. Na kama lazima watu washindane, washindanie mahudhurio. Hayo hayaharishwi.

Dada amejitoa kwenye kundi. Bado anatembea alfajiri na wale marafiki wawili, chai ameitupa, na mwezi ujao anarudi kupima sukari. Hicho ndicho kipimo ninachokisubiri mimi. Kilo zake sijamuuliza tena.

Ila kocha, kama unasoma hapa: ile 5,000 unadaiwa.