Bosi Akitania, Nani Anacheka?

Kuna ucheshi unaogawa watu sebuleni. Mmoja anacheka mpaka anashika mbavu, wa pili anajifunika uso kwa mto, wa tatu anauliza, "Sasa hapo tunacheka nini?" Jumamosi moja tulikuwa watu watano kwa shangazi yangu, nje kidogo ya mji wa Kericho. Mvua ya saa tisa ilikuwa imeshuka kama kawaida yake, hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote, nikachomeka flashi kwenye TV. Ndani yake kulikuwa na The Office, ile ya Uingereza.

Kwa ambaye hajaiona: BBC Two walianza kuionyesha Julai 2001. Ricky Gervais na Stephen Merchant waliiandika na kuiongoza, na Gervais mwenyewe ndiye David Brent, meneja wa tawi la Slough la kampuni ya karatasi iitwayo Wernham Hogg. Ni fupi, vipindi 12 katika misimu miwili, kisha viwili vya Krismasi mwaka wa 2003. Hakuna vicheko vya kurekodiwa vya kukuambia mahali pa kucheka. Imetengenezwa kama dokumentari, kana kwamba kuna watu wamekuja kurekodi ofisi ya kawaida, na Brent anaamini kabisa kwamba kamera imekuja kumtangaza yeye.

Mgawanyiko wetu ulianza kipindi cha kwanza tu. Brent anataka kumwonyesha mgeni mmoja jinsi alivyo bosi wa utani, basi anamwita Dawn, msichana wa mapokezi, na kumshtaki kwa wizi wa vikaratasi vya kunata. Anamwambia amefutwa kazi. Dawn analia. Ndipo Brent anafichua kwamba ulikuwa mchezo tu, na anabaki kushangaa kwa nini hakuna anayecheka.

Rafiki yangu niliyesoma naye alicheka hadi akamwaga chai. Binamu yangu, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya mapokezi, kwa kandarasi ya miezi mitatu mitatu, aliinuka akaenda jikoni. "Hiyo si komedi," alisema kutoka huko. "Hiyo ni Jumatatu." Mwingine akalalamika kwamba hii ya Waingereza ni baridi, tuweke ile ya Marekani.

Shangazi, ambaye sisi humwita Senge, alikuwa hajasema neno. Alichuna chai miaka 19 kwenye shamba la kampuni, na Kiingereza cha haraka kinampita. Akaniuliza, "Huyo msichana amefutwa kweli?" Nikamwambia hapana, bosi alikuwa anatania. Akafikiria kidogo. "Huo ni utani wa mtu mwenye kalamu."

Nimeusikia ubishi huu mara nyingi, na huwa unaendeshwa kana kwamba ni suala la ladha: wewe una moyo mgumu, mimi nina moyo laini, basi. Siamini hivyo. Nadhani tunachogawanyika juu yake ni swali la nani anamwona bosi.

Angalia jinsi kamera inavyofanya kazi mle. Kila Brent anaposema upuuzi, Tim, yule muuzaji aliyechoka, anageuza macho na kuitazama kamera. Hasemi kitu. Lakini mtazamo huo ni ushahidi: umeona, sivyo? Na sisi huku tunajibu kwa kucheka. Kicheko chetu ni kumwambia Tim kwamba ndiyo, tumeona. Ndiyo maana wafanyakazi wengi wanaipenda sana. Kwa nusu saa, mfanyakazi ana shahidi.

Sasa ilete Kericho. Februari 2023, BBC hiyohiyo, kupitia Africa Eye na Panorama, ilitoa dokumentari kuhusu mashamba ya chai ya hapa kwetu, mashamba ambayo kwa miaka yalikuwa mikononi mwa kampuni za Uingereza. Zaidi ya wanawake 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadhulumu kingono. Mwanahabari mmoja aliingia akijifanya mtafuta kazi, na kamera yake ilikuwa ya siri. Ilibidi iwe ya siri. Bosi wa Slough anajipamba mbele ya kamera kwa sababu haoni cha kuficha. Bosi aliye na kitu cha kuficha haonekani mpaka kamera nayo ijifiche. Na huko shambani, mwanamke aliyeambiwa kazi ina masharti hakuwa na pembe ya kugeuzia macho. Angemtazama nani? Mistari ya chai?

Kwa hiyo naelewa kwa nini binamu yangu alikimbilia jikoni. Ukimwona Dawn akilia na hujawahi kuwa na shahidi, huwezi kukaa upande wa wanaotazama. Unarudishwa kwenye kile kiti mbele ya meza ya bosi.

Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba kwa sababu inaumiza, ni komedi mbaya. Ile ya Marekani, iliyoanza 2005 na kwenda misimu 9, ilianza na mchezo uleule wa kumfuta msichana wa mapokezi kwa uongo. Tofauti ni kwamba kadiri misimu ilivyosonga, Michael Scott aligeuka mtu mzuri asiyejua kusema vizuri, na ofisi ikawa familia. Ni tamu, hata mimi nimeirudia. Lakini hilo la "sisi hapa ni familia" ni wimbo wa kila mwajiri wiki moja kabla ya kupunguza watu. Waingereza hawakuuimba. Tangu kipindi cha kwanza, wafanyakazi wa Slough wanajua kwamba huenda tawi lao likafungwa. Mwisho wa msimu huo, Brent anawakusanya na kuwapa habari mbaya, kwamba wapo watakaopoteza kazi, halafu habari njema, kwamba yeye amepandishwa cheo. Anashangaa kwa nini hawafurahi naye. Katika mji ambao Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuna chai kwa sababu mashine moja inakula kazi ya watu wengi, tukio hilo halihitaji kutafsiriwa.

Udhaifu upo, na mimi siutetei. Utani mchafu wa Gareth na wa yule Chris Finch kuhusu wanawake umezeeka vibaya. Najua waandishi wanawacheka wanaume hao, hawacheki nao. Lakini mara nyingi mno mwanamke anayesemwa anabaki amesimama tu, hana jibu, na kamera inarudi haraka kwa mwanamume. Baada ya kuona dokumentari ya 2023, kimya hicho ni kizito. Inachukua mpaka Krismasi ya 2003 kwa Brent kumfukuzia mbali Finch, kwa tusi, kwa kumdharau mwanamke. Ni jambo la maana analolifanya, na limechelewa mno.

Kuna jambo lingine nililofikiria. Sisi tumelelewa na Vioja Mahakamani. Humo hata mjinga na mwongo hufikishwa mbele ya hakimu, na kila mtu hupewa zamu ya kusema. Tunacheka kwa sababu tunajua hukumu inakuja. Slough haina hakimu. Nadhani hiyo ndiyo baridi aliyoilalamikia mwenzetu. Mtazamaji aliyezoea hukumu ananyimwa hukumu, anaachiwa yeye mwenyewe aamue. Sisemi ipi ni bora. Nasema tu kwamba hapa kwetu kuna hadithi nyingi ambazo hazijafika kwa hakimu yeyote, na bado sijaona mtu akiziandikia komedi. Mandhari yapo tayari: foleni ya jioni, mizani, karani na kitabu chake, kilo zinazokatwa, na mama mmoja nyuma ya foleni anayegeuza macho.

Jioni tulifika kile kipindi cha msimu wa pili ambapo Brent anacheza dansi mbele ya ofisi nzima. Hapo Senge alianguka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta machozi, na binamu yangu, aliyekuwa amerudi na sahani ya mahindi ya kuchemsha, akacheka kwa sababu ya mama yake. Kwa mara ya kwanza siku ile tulikuwa upande mmoja sote watano.

Kisha, katika kipindi hichohicho, wakubwa wa Brent wanamwita. Ni siku ya mchango wa hisani na amevaa vazi la mbuni, miguu ya bandia inaning'inia. Wanamwambia kazi yake imekwisha. Rafiki yangu alianza kucheka peke yake, akajikuta peke yake, akaacha.

"Kumbe hata yeye ana bosi," alisema Senge.

Nilitegemea afurahi. Mtu mwenye kalamu amenyang'anywa kalamu, tena akiwa amevaa ndege. Hakufurahi. Alimtazama Brent kwa ile namna ya kumtazama jirani ambaye hamsalimiani lakini nyumba yake imeungua.

"Walimlipa pesa zake za kuondoka?" akauliza.

Nikamwambia walimlipa. Nikamwambia pia, maana nilikuwa nimeshaona vipindi vya Krismasi, kwamba pesa hizo alizitumia kurekodi wimbo.

"Wimbo?"

"Wimbo, Senge. Na haukununuliwa."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Zake, nakumbuka, zilijenga jiko tulilokuwa tunasikia mvua juu ya paa lake. Halafu akamwambia binamu yangu asogeze kiti, kisha akanigeukia mimi: "Weka ingine."