Pedeli Inayozama: Breki Zilivyochunguzwa Kabla ya Kununua Spea

Gari dogo la miaka ya 1990 lilifikishwa gereji likiwa limeshabadilishwa pedi za mbele na viatu vya nyuma, na breki zimeshatolewa upepo. Tatizo lilibaki pale pale: kwenye foleni, dereva akikanyaga breki na kutuliza mguu, pedeli inashuka taratibu hadi karibu na sakafu. Akipampu, inapanda.

Dalili hiyo inasema mengi. Upepo kwenye mabomba huifanya pedeli ibonyee tangu inapoguswa. Boosta inayousaidia mguu kukanyaga ikifa, pedeli huwa ngumu. Lakini pedeli ikizama huku mguu umetulia, presha inavuja mahali fulani, nje au ndani.

Fundi alianza na nje. Oili kwenye kichupa haikuwa imepungua. Akavua magurudumu ya nyuma, akafunua raba za vumbi za silinda, maana uvujaji hupenda kujificha hapo. Pakavu. Akafungua mabomba yanayotoka kwenye masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, akaziba matundu yake kwa vizibo vya skrubu. Oili haikuwa tena na pa kwenda. Masta nzima ingeishikilia pedeli juu. Pedeli ikazama vilevile. Ugonjwa ulikuwa ndani ya masta yenyewe.

Humo pistoni husukuma oili kwa msaada wa raba. Raba ikilika, oili hupenya pembeni na kurudi nyuma badala ya kwenda magurudumuni. Ukikanyaga kwa nguvu, presha huibana raba kwenye ukuta na uvujaji hupungua. Ndiyo maana mguu mwepesi hufichua kasoro ambayo mguu mzito huificha.

Masta ilipofunguliwa, raba ilikuwa na mikwaruzo na sehemu ya mwisho ya silinda imeliwa na kutu. Kwa kawaida pistoni haifiki huko. Hufika pale mtu anapotoa upepo kwa kukanyaga pedeli hadi sakafuni, na raba kuukuu huchanika kwenye kutu hiyo. Kuweka raba mpya kwenye ukuta mbovu kungekuwa kupoteza pesa, hivyo ikafungwa masta mpya. Safari hii upepo ulitolewa huku kipande cha ubao kikiwa chini ya pedeli kuizuia isifike mwisho.

Kutu hiyo huletwa na maji. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na oili ya aina ya DOT 3 inayotakiwa kuhimili nyuzi 205 za Selsiasi bila kuchemka ikiwa mpya hushuka hadi karibu 140 ikishalowa. Kuibadilisha kila baada ya miaka miwili ni nafuu kuliko masta.

Mwenye gari la zamani alipime leo: gari likiwa limesimama tambarare, injini inanguruma, kanyaga breki kwa mguu mwepesi kwa nusu dakika. Pedeli ikizama, usiliingize gari barabarani, na usikubali kuuziwa pedi kabla masta haijapimwa.