Tangi Safi Lisilofaa Samaki

Mwaka 2005 jarida la Nature lilitangaza kupatikana kwa kiumbe ambacho hakikutoka kilindini mwa bahari wala kwenye chemchemi za moto. Kilitoka kwenye changarawe za tangi la samaki wa kitropiki, katika Seattle Aquarium nchini Marekani. Watafiti Martin Könneke, David Stahl na wenzao walikiotesha gizani, katika maji ya chumvi waliyoyachanganya wenyewe, kwenye nyuzijoto 28, bila kukipa riziki nyingine isipokuwa amonia na bikaboneti. Kikastawi. Wakakiita Nitrosopumilus maritimus. Si bakteria bali ni arkea, kundi jingine la vijidudu, na upana wake haufiki hata robo ya maikromita.

Ugunduzi huo unamhusu moja kwa moja mtu anayeandaa tangi jipya la maji ya bahari, kwa sababu kazi ya kukomaza tangi ni kuwapa makazi viumbe wa aina hiyo kabla samaki hajatia mkia majini.

Tangi jipya hudanganya macho. Kioo kinang'aa, mchanga umetulia, haidromita inasoma 1.025, joto limesimama kwenye nyuzi 25. Lakini samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake usiku na mchana, na chakula kilichobaki huoza na kuiongeza. Baharini amonia hiyo humezwa na maji mengi. Ndani ya lita 200 haina pa kwenda. Isitoshe, maji ya chumvi huwa na pH ya 8.2 hivi, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyobaki katika hali ile inayopenya matamvua na kuua. Ukipima kiasi kilekile cha amonia, sehemu yake yenye sumu katika tangi la bahari huwa zaidi ya mara 10 ya ile iliyomo katika maji ya pH 7.

Kinachowaokoa samaki kilielezwa na mtafiti Sergei Winogradsky alipokuwa Zürich mwaka 1890: kundi moja la vijidudu hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Kwa miongo mingi vitabu vya ufugaji vilitaja majina mawili tu, Nitrosomonas na Nitrobacter, kana kwamba orodha ilikwisha fungwa. Mwaka 1996 watafiti Timothy Hovanec na Edward DeLong walichunguza chembe za urithi katika matangi halisi. Nitrosomonas walimwona kwenye matangi ya maji ya chumvi. Nitrobacter hakuonekana popote, si kwenye chumvi wala kwenye maji baridi. Utafiti wa mwaka 1998 katika matangi ya maji baridi ukamtaja Nitrospira kuwa ndiye anayeimaliza nitriti. Mwenye kununua chupa ya bakteria yenye jina la Nitrobacter kwenye lebo ana haki ya kuuliza maswali.

Hata hivyo matangi yalikuwa yakikomaa muda wote huo, majina yakiwa sahihi au la. Vijidudu hivyo vinahitaji amonia, oksijeni, mahali pa kujishikiza na muda. Muda ndio unaowashinda wengi: bakteria wa kawaida wa maabara huongezeka maradufu kwa dakika 20, ilhali hawa huchukua karibu siku nzima. Ndiyo maana kazi huchukua wiki nne hadi sita.

Zamani waliingizwa samaki wagumu wachache ili watoe amonia, na waliokufa walihesabiwa kuwa gharama ya kawaida. Ni ukatili usio na faida, hasa ukikumbuka kwamba baadhi ya samaki wa mapambo huvuliwa kwenye matumbawe ya pwani ya Kenya na kusafirishwa mbali wakiwa hai. Kloridi ya amonia inafanya kazi hiyohiyo: inatiwa hadi kipimo kifike miligramu 2 kwa lita, kisha mtu anasubiri. Njia nyingine ni mawe hai, vipande vya matumbawe yaliyokufa ambavyo vijidudu vimekwisha kufanya makazi ndani yake baharini. Viumbe vinavyofia juu yake njiani hutoa amonia ya kuanzia, na vitundu vyake vya ndani, visivyofikiwa na oksijeni, huhifadhi bakteria wanaogeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni.

Mwendo wote unaonekana kwenye kijichupa cha kupimia. Siku za mwanzo matone ya amonia huyageuza maji kutoka manjano kuwa kijani kibichi. Baadaye kijani hufifia, na kipimo cha nitriti kinakolea zambarau. Hapo wengi hupata hofu bila sababu kubwa: lita ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloridi, nayo huizuia nitriti kuingia kwa wingi kwenye damu ya samaki. Tatizo la nitriti ni kwamba inapotosha kipimo cha nitrati, kwani vipimo vingi huigeuza nitrati kuwa nitriti kwanza ndipo viisome. Namba ya nitrati katika wiki hizo haifai kuaminiwa.

Tangi limekomaa pale miligramu 2 za amonia kwa lita zinapotoweka ndani ya saa 24, nitriti nayo ikisoma sifuri. Sehemu kubwa ya maji hubadilishwa kupunguza nitrati, kisha huingia samaki mmoja au wawili tu, maana idadi ya vijidudu hulingana na chakula kilichopo na haiwezi kuruka ghafla. Kila gramu ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitrati humeza zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Kwa hiyo umeme ukikatika, chujio lililofungwa huanza kukosa hewa baada ya saa chache, na pampu ndogo ya betri yenye kijiwe cha mapovu ni kifaa cha kununuliwa kabla ya samaki wa kwanza.