Ngoma Nyembamba za Mburahati

Miaka miwili iliyopita niliandika uhakiki wa Sounds of Sisso, ule mkusanyiko wa singeli uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nilisema ngoma zake ni nyembamba, zimetengenezwa kimaskini, na kwamba hapo ndipo utamu ulipo: vijana wa uswahilini Dar, kompyuta mbovu, moto. Nikalipwa. Leo naifuta ile kauli (pesa nilishakula).

Kilichonigeuza ni kujaribu kutengeneza biti mwenyewe. Tangu niache chuo niko nyumbani Rongai, hii ya Nakuru, si ile ya nganya. Jioni, mashine ya kusaga mahindi ya jirani ikizimwa, nafungua FL Studio. Kila ngoma inapewa visanduku 16. Bonyeza cha 1, 5, 9 na 13 kwa ngoma kubwa, tayari una kitu cha kuchezeka. Kwa mapigo 120 kwa dakika nilijiona prodyuza kabisa.

Halafu nikapandisha hadi 240, mwendo wa kawaida tu kwa singeli. Biti ikawa uji. Nikadhani ni laptopu, nikazima, nikawasha. Kumbe ni hesabu. Kwa 120, ngoma kubwa inapiga kila nusu sekunde. Kwa 240, kila robo. Na ngoma niliyochagua, moja ya zile nzito zinazoiga mashine ya Roland TR-808 ya 1980, ilivuma karibu sekunde nzima. Yaani kabla pigo la kwanza halijamaliza kuvuma, mengine matatu yameshalipanda mgongoni.

Nikaanza kukata. Nikatoa mvumo, nikatoa uzito, hadi nikabaki na kitu kama kidole kikigonga sufuria. Nikacheza tena. Ilikuwa ngoma ile ile niliyoiita ya kimaskini.

Sasa wasikilize Bamba Pana, Jay Mitta na Sisso mwenyewe, mwenye studio hiyo ya Mburahati, ukiwa na sikio hilo. Ngoma nene ingemeza silabi za MC. Hii nyembamba inampisha. Vipande vya kinanda vinavyojirudia, ambavyo mchiriku ulishavizoea kwa vile vinanda vidogo vya Casio, vinapata pa kukaa. Kichwa chako hakitikisiki mara 240, si unajua. Kinashika 120 na kuacha zile nyingine zipite kama mvua juu ya mabati.

Simaanishi kila kitu ni kizuri. Nikisikiliza mkusanyiko wote kwa mkupuo nachoka katikati, maana huu ni muziki wa kigodoro, watu wamejaa barabarani, na mimi niko kitandani na spika za masikioni. Lakini kuchoka kwangu ni jambo moja, na kuita ufundi wa mtu umaskini ni jingine. Angekuwa prodyuza wa Berlin aliyekata mvumo namna hiyo, ningeandika kwamba ana nidhamu. Najijua.

Biti yangu bado ni mbaya. Haihati zimenyooka mno, zote nguvu sawa. Jana usiku mama aligonga mlango kuuliza kwani jirani anasaga mahindi saa hizi.