Bidoni ya misuli ao bidoni ya sukari?

Tuongee juu ya zile bidoni kubwa zenye kujaa sasa kwa sale za mazoezi hapa Kisangani.

Mdogo wangu alitosha dola 60 za minervale, akanunua moja. Kwa mbele kuko mwanaume wa mikono minene na maandishi «protini ya maziwa». Mimi nikageuza bidoni. Kiambato cha kwanza: maltodekistrini. Ni wanga, na kiambato cha kwanza njo chenye uzito kupita vingine. Dozi ya gramu 150 inaleta protini gramu 25 tu, ni kusema kama 17 kwa 100. Maziwa ya unga ya kawaida yenye mafuta yanafika kama 25, soya kavu kama 36, na mbinzo kavu mara mingi zinapita 50!

Sisemi protini ya maziwa ni uongo. Katika maziwa ya ngombe, kama 80 kwa 100 ya protini ni kazeini, yenye kuganda tumboni na kuyeyuka polepole. Ile 20 ni wei, inatoka ku maji yenye kubakia wakati wa kutengeneza fromaji. Wei konsantre nzuri inafika 80 kwa 100. Izola inafika 90 na laktozi kidogo sana, inafaa kwa wenye maziwa inasumbua tumbo. Idroliza imekatwakatwa mbele. Bei inapanda kuliko faida. Hizo ni chakula cha kweli. Lakini ile ya mdogo wangu iko na jina yao tu.

Na hata hesabu ya lebo inaweza danganya. Kwa kawaida laboratware inapima azoti, kisha inazidisha mara 6,38 kwa maziwa. Mwenye kutia azoti ya bei chini anapandisha «protini». Huko China, 2008, walitia melamini ndani ya maziwa, watoto wakakufa.

Sisi wa agronomia tulisoma hesabu hii, lakini tunanyamaza wakati wadogo wetu wanalipa. Mwenye kubeba vyuma anahitaji kama gramu 1,6 kwa kilo ya mwili kwa siku: kilo 60, gramu 96. Samaki, maharagi, soya na mbinzo vinaweza kufikisha.

Mdogo wangu bado anatafuta minervale. Wewe, mbele ya kulipa, geuza bidoni, ugawe protini kwa dozi.