Wasia wa Kaizari na Kijana wa Kasulu

Ndugu msomaji, sisi watu wa mwambao tuna dasturi ya kudhani kuwa Kiswahili cha kale ni mirathi yetu peke yetu, na kwamba kijana wa Kasulu au Kibondo, aliyelelewa kwa Kiha, hana njia ya kukifikia ila kwa kukariri. Dhana hii haina insafu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeufasiri mchezo wa Shakespeare wa Juliasi Kaizari, lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, akaisahihisha tena mwaka 1969.

Upungufu uko katika kusomesha. Mwanafunzi hupewa orodha, neno huku na maana kule: hiana, ghururi, njama, wasia. Mtihani ukipita, na maneno hupita. Hakika neno la kale hutambulikana kwa kazi lifanyayo kinywani mwa mtu aliyefikwa na msiba.

Tulitazame hilo la wasia. Kaizari ameuawa. Antony anasimama mbele ya watu na hati mkononi, hataki kuisoma mpaka wamsihi. Kisha anawaambia kuwa kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75. Umati unawaka. Njiani wanamkuta Cinna, mshairi, wanamuua kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja katika waliomuua Kaizari. Kisha, baada ya hayo yote, Antony yule yule anakaa na wenziwe na kuagiza wasia uletwe, wapate kutazama vipi watayapunguza yaliyousiwa!

Kijana aliyepita chuoni anajua kuwa wasia ni amana shingoni mwa aliyebaki hai, kwamba haupiti thuluthi ya mali ila kwa ridhaa ya warithi, na kwamba Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 181, imewatia dhambini wanaoubadilisha baada ya kuusikia. Kwa hiyo atauliza swali ambalo watu wa Roma hawakuliuliza: Je, huyu anayelia kwa wasia atautimiza?

Na swali hilo lina uzito katika nyanda zile. Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi wa Burundi na wa Kongo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Huko hakuna haja ya kumfafanulia mtoto kuwa umati uliochochewa huweza kumuua mtu kwa jina lake tu.

Basi enyi walimu, orodha na ingoje. Someni kwanza tukio lote kwa sauti, kisha waulizeni vijana: nani asema, ataka nini, na alitimiza? Ajuaye neno kwa njia hii, msemaji mtamu hatamchukua kwa wepesi.

Wabillahi tawfiq.