Missa Luba na Heshima ya Altare

Katika parokia zetu za Lubumbashi mashindano ya maneno huzuka kila sikukuu kubwa inapokaribia. Wengine husema: Ngoma ipigwe kwa nguvu, maana Mungu ni wetu pia. Wengine hujibu: Ngoma ni ya matanga na ya pombe, mbele ya altare tunyamaze. Sisi wa Bel-Air nasi twayasikia hayo mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Tumeona vema kuyapima kwa kazi moja iliyozaliwa katika nchi yetu ya Katanga, nayo ni Missa Luba.

Kwanza habari zake. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Huko alikusanya watoto wa shule pamoja na walimu, akaunda kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa hiyo ilikua kwa kujaribu pamoja, sauti juu ya sauti. Mwalimu Joachim Ngoi alianzisha na wengine wakaitikia. Iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka uleule kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba katika Maonyesho Makubwa ya Brussels, na sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri.

Kwamba kazi hii yapendeza masikioni, hakuna anayebisha. Sisi twauliza jambo jingine: je, yamwendea Mungu kwa heshima na kwa utii?

Tuanze na utii. Mwaka 1958 Misa ilisomwa kwa Kilatini. Waimbaji wa Kamina hawakuongeza neno, wala hawakupunguza. Sauti tu ndiyo waliyoitoa kwao. Wala hawakuiba ruhusa: Papa Pius XII alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1955, katika barua yake Musicae sacrae, kwamba wamisionari wasiache kutumia nyimbo za watu wanaowahubiria. Mjumbe mwema habadili ujumbe aliopewa, lakini huusema kwa kinywa chake mwenyewe. Ndivyo walivyofanya hao.

Sasa heshima. Kyrie yao inafuata namna ya kasala, wimbo wa Waluba wa kuomboleza. Mzee mmoja aweza kuuliza: Kilio cha wafu chatafuta nini kanisani? Lakini tufikiri kidogo. Penye kilio mtu hana majivuno. Havai vizuri ili atazamwe, wala haimbi ili apigiwe makofi. Na mwenye kuomba huruma ya Mungu yampasa kusimama hivyohivyo. Basi hapo wimbo umelitumikia neno.

Sanctus yafundisha zaidi. Imetoka katika wimbo wa kuagana. Yaanza polepole, kwa sauti ya upole, kama mtu aingiaye mahali asipostahili kuingia. Ndipo Hosana inapoamka na ngoma kuchangamka. Nabii Isaya aliwaona Maserafi wakiimba utakatifu wa Mungu huku wamefunika nyuso zao. Uchaji kwanza, furaha baadaye: huo ndio utaratibu wa Maandiko, na Missa Luba imeushika. Kwaya zetu nyingi siku hizi zaugeuza. Zaanza kwa kinanda cha umeme na vipaza sauti vinavyotikisa madirisha, na Hosana ikifika hakuna pa kupanda tena.

Hata hivyo hatusifu yote. Katika Credo nyimbo zabadilika mara nyingi, hata msikilizaji hufuata sauti akasahau imani inayoungamwa. Tena ni kazi ya kwaya hodari. Taifa la Mungu hukaa likisikiliza. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, ulitaka waamini wote washiriki Misa kwa moyo na kwa kinywa. Kwaya inayowafunga watu midomo, hata ikiimba vizuri namna gani, haijamaliza kazi yake.

Kuna onyo jingine. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitoa filamu iitwayo If...., habari za vijana wanaoasi shule yao. Kijana mwasi apenda kusikiliza Sanctus hiyohiyo ya Kamina katika santuri. Sauti ni ileile, ngoma ni zilezile, lakini pale si sala. Tujue basi kwamba wimbo peke yake haumheshimu Mungu. Wamheshimu anayeuimba, akiwa amepiga magoti moyoni.

Tena tusidhani utii huua mambo ya kwetu. Maaskofu wa nchi yetu waliomba, wakafanya kazi miaka mingi, wakangoja. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire. Humo mna kuwaita watakatifu na mababu wenye moyo mnyofu, mna kucheza kwa taratibu kuzunguka altare, mna kuomba toba baada ya kulisikia Neno. Wasiotii huanzisha vyao wenyewe, navyo hufa pamoja nao. Hao walitii, na tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko aliadhimisha Misa hiyo pale Ndolo, Kinshasa, mbele ya umati mkubwa sana.

Hivyo wenye kushindana mlangoni wote wana neno la kujifunza. Apendaye ngoma akumbuke kwamba Musa aliambiwa kuvua viatu. Apendaye kimya akumbuke kwamba Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na aliyemdharau ndiye aliyelaumiwa. Viongozi wa kwaya, kabla ya kuchagua wimbo wa sikukuu, jiulizeni: Je, wimbo huu walitumikia neno? Je, padri na Kanisa wameukubali? Je, watu wakitoka watamsifu Mungu, ama watatusifu sisi? Mkiweza kujibu vema maswali hayo matatu, pigeni ngoma zenu kwa amani.